Gari la Arobaini

Sauti ile haikusikika hata mara moja nilipokuwa peke yangu na gari. Nililizungusha mitaa ya Mafiga, nikalipitisha kwenye matuta, nikalipandisha ukingo wa mtaro kwa gurudumu moja, nikazima redio na kushusha vioo vyote. Kimya. Lakini akilichukua dada yangu akapanda nalo Mgeta, akashuka na mzigo, alikuwa anarudi na neno lile lile.

"Limegonga tena."

"Limegonga vipi?"

Siku ya kwanza nilipomuuliza hivyo aligonga mlango wa jikoni kwa kifundo cha kidole, mara moja, kwa nguvu. "Hivyo. Halafu basi."

Kama mtu aliyebisha hodi kisha akaghairi, akaenda zake.

Dada yangu si mtu wa kutia chumvi. Ndiye aliyekuwa anaiendesha pikapu ile tangu baba alipoanza kuumwa, na kabla ya hapo alikaa miaka mingi kiti cha pembeni akimtazama baba anavyoshuka mlima kwa gia bila kuchoma breki. Shamba la Mgeta tunakotoa mboga ni la ukoo wa mama, kama ilivyo kwetu Waluguru. Baba alikuwa mume aliyekuja. Gari ndilo lililokuwa lake. Alilinunua likiwa tayari limezeeka, akalizeesha zaidi kwa kabichi na karoti. Baba alifariki kwa maradhi ya figo, kitandani, si barabarani. Nasema mapema ili msomaji asikae akisubiri ajali.

Arobaini yake ilipangwa ifanyike Jumamosi, nyumbani kwetu Mafiga. Ijumaa dada alitakiwa kwenda Mgeta kuwachukua watu wa huko: bibi yetu mzaa mama, mama wadogo, na wanawake wengine wa ukoo, pamoja na kabichi, karoti, magimbi na mikungu ya ndizi ya kulisha watakaokuja kusoma dua. Bibi angekaa mbele. Wengine wangekaa nyuma, juu ya mzigo, kama walivyokaa siku zote. Barabara ile mnaijua au mmesikia habari zake: upande mmoja mlima, upande wa pili unaona paa za nyumba za watu chini yako.

"Sitaki kujua chuma gani kinaitwaje," dada aliniambia mwanzoni mwa wiki ile. "Nataka uniambie neno moja. Zima, au si zima."

Neno hilo moja ndilo nililoshindwa kulisema.

Inabidi nieleze mimi ni mtu wa namna gani. Sikusomea ufundi. Nilijifunza kwa video za kwenye simu, kwa kitabu cha mwongozo cha gari la aina nyingine kabisa nilichokiokota sokoni bila jalada, na kwa kufungua vitu vya watu walionivumilia. Natengeneza pikipiki nyuma ya nyumba yetu, na mara moja moja gari. Natengeneza vizuri. Ila siwezi kukabidhi. Nikimaliza kukaza nati naikagua, nikiikagua naona huenda nimeikagua kwa haraka, narudia. Mteja mmoja aliyechoka kusubiri kwenye benchi aliwahi kuniambia, "Kijana, mimi nimekuja kuchukua pikipiki, sikuja kuposa." Nilicheka naye, lakini alipoondoka nilikaa na simu mkononi mpaka aliponipigia kwamba amefika salama. Yeye alipiga kunishukuru. Mimi nilipokea nikiwa nimeshajiandaa kusikia sauti ya askari.

Kwa hiyo mtu kama mimi kuambiwa atamke kwamba gari ni zima, na juu ya gari hilo atakaa bibi yake, ni adhabu.

Kuna jambo lingine. Tangu tulipomzika baba nilikuwa nimekufa ganzi. Sina neno bora zaidi. Nilikuwa mmoja wa walioshuka kaburini kumpokea, na nilichokumbuka baadaye ni kwamba jembe moja la kufukia lilikuwa na mpini uliolegea, na kila mtu aliyelishika alilirudisha bila kuligongomea kabari. Nilitamani kulitengeneza. Watu walinipiga bega wakasema nimejikaza kiume. Sikujikaza. Hapakuwa na kitu cha kukibana. Nilikula, nililala, niliitikia pole. Kitu pekee kilichonigusa katika wiki zote zile kilikuwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia.

Nilianza kwa utaratibu, kama nilivyojifunza. Gari likiwa limesimama sehemu tambarare uani, nilikandamiza kona moja ya bodi kwa uzito wangu wote, nikaiachia. Shokapu nzima hurudisha gari juu na kulituliza. Shokapu mbovu huliacha lidunde kama kitanda cha chuma. Kona ya nyuma kulia ilidunda. Nililala chini nikaikuta ile shokapu imelowa mafuta mwili mzima na vumbi limegandia. Nikabadilisha zote mbili za nyuma, maana kubadilisha moja ni kuzipa kazi zisizo sawa.

Kisha nikainua mbele kwa jeki, nikaweka magogo ya kuzuia, nikashika gurudumu juu na chini nikalitikisa, nikalishika kushoto na kulia nikalitikisa tena. Gurudumu likicheza juu na chini unashuku beringi au boljointi. Likicheza kushoto na kulia unaangalia mikono ya usukani. Halikucheza. Nilitikisa mpaka mikono ikauma na bado sikuamini kwamba halichezi.

Mama alikuwa akinitazama dirishani. Alikuwa kwenye eda, hatoki, na uani kwake ndiko dunia yote ilikoishia.

"Mwanangu," alisema, "hilo gari unalisikiliza kuliko unavyonisikiliza mimi."

"Nakusikia, mama."

"Nimesemaje sasa hivi?"

Sikujua. Alikuwa ameniita kula, kumbe, na chakula kilikuwa kimeshapoa.

Nyuma nilitumia mtaimbo. Unauingiza kati ya springi na kishikio chake, unabinua taratibu, unaangalia bushi ya mpira iliyo katikati. Ikiwa nzima inajibana tu. Ikiwa imekwisha, chuma kinasogea na kugusa chuma. Mbili zilikuwa zimekwisha, nyembamba kama ganda la chungwa. Nilifurahi, au nilijua kwamba hapa ndipo mtu hufurahi. Niliweka mpya, nikahesabu majani ya springi, yale mabamba ya chuma yaliyolaliana, moja baada ya jingine nikitafuta ufa, nikapangusa, nikakaza. Dada akaenda Mgeta katikati ya wiki kwa mzigo wa kawaida. Aliporudi alipita jikoni akagonga mlango mara moja.

Ijumaa asubuhi tulipanda pamoja. Nilikaa nyuma kwenye bodi tupu, nimejilaza, sikio kwenye bati, kuanzia Sangasanga tulipoacha lami mpaka juu. Watu wa njiani walidhani dada amebeba mgonjwa. Mzee mmoja alituuliza tulipopunguza mwendo, na dada akamjibu, "Shikamoo baba. Hapana, ni fundi." Nilisikia kokoto, nilisikia mnyororo wa mlango wa nyuma, nilisikia tumbo langu. Hodi ile sikuisikia.

Usiku uliotangulia mvua ilikuwa imenyesha, na kiwanja cha mbele ya nyumba ya bibi kilikuwa na udongo laini mwekundu uliosafishika kama sahani. Mzigo ulikuwa umeshapangwa kando: magunia ya kabichi ya lumbesa, yale yaliyojazwa mpaka yakaota kichwa juu ya mdomo wa gunia na kusukiwa kamba, matenga ya karoti zilizooshwa mtoni, mikungu ya ndizi. Mpakiaji alikuwa mwanamume mmoja mnene wa ukoo ambao ni watani wetu. Kwetu mtani ana ruhusa msibani. Anaweza kumsema marehemu, akakusema na wewe, na ukikasirika aibu ni yako.

"Huyu ndiye fundi?" aliuliza, akinitazama nikiteremka na matope shavuni. "Baba yake alikuwa bahili, kumbe hata mwana alimtoa nusu!"

"Mtani, pakia," dada alisema.

"Napakia. Marehemu aliniahidi shati lake la bluu. Amekufa nalo?"

"Amekufa bila shati kabisa. Nenda kamdai."

Wanawake walicheka. Bibi alikuwa amekaa kizingitini, ameshavaa nguo ya safari, na mkoba wake uko mapajani kama mtu aliye kituoni. Nilimwamkia, akaitikia, akanishika kichwa. "Umekonda," alisema. Kisha akamgeukia mtani: "Na wewe shati la bluu lisingekutosha, labda ungefunika goti."

Nilimwambia dada kwamba nataka kitu kimoja. Wapakie mzigo wote, watu wasipande, kisha aliendeshe gari hatua chache tu pale pale kiwanjani, kwenye sehemu inayoteremka kidogo, akanyage breki. Muda wote ule nilikuwa nimelipima gari likiwa tupu na uwanja ukiwa bapa, kwa sababu ndivyo wanavyofanya kwenye video. Gari la kwetu halijawahi kuishi tupu wala bapa.

Mtani alipakia akiimba matusi ya staha. Gari lilikaa chini kama kuku anayeatamia. Dada akapanda, akawasha, akaliachia liteleze mbele, akakanyaga breki.

Likagonga.

Kilikuwa kishindo kimoja, kizito, kutoka nyuma kushoto. Nilikisikia kwa miguu kabla ya masikio. Mama mdogo mmoja aliyekuwa anafunga khanga alisema tu, "Eh."

"Umesikia?" dada aliita kutoka dirishani.

"Nimesikia. Rudi nyuma kidogo. Simama."

Nilitaka kwenda chini ya gari, lakini kilichonizuia kilikuwa udongo. Gari likienda moja kwa moja, tairi za nyuma hukanyaga alama za tairi za mbele, na unabaki na mistari miwili chini. Kwenye udongo ule laini kulikuwa na minne. Upande wa kulia na upande wa kushoto, nyayo za nyuma zilikuwa zimeachana na za mbele kwa upana wa vidole. Gari lilikuwa linatembea upande, kama mbwa anavyokimbia, kichwa huku na mkia kule. Nyayo zilizoingia asubuhi, gari likiwa tupu, zilikuwa mbili tu na safi. Nilizitazama zote kwa muda. Nilijua maana yake, na mwili haukufanya chochote. Moyo haukuenda mbio. Nilikuwa kama mtu anayesoma habari za nchi nyingine.

Niliweka mawe kwenye matairi, nikaingia chini na tochi ya simu. Ekseli ya nyuma hukaa juu ya springi mbili, moja kila upande. Katikati ya kila springi kuna bolti moja fupi inayounganisha majani yote, na kichwa cha bolti hiyo huingia kwenye tundu la ekseli ili ekseli isitambae mbele wala nyuma. Kisha yu-bolti mbili hukumbatia vyote na kukaza. Upande wa kushoto ile bolti ya katikati ilikuwa imekatika. Kichwa chake hakikuwepo. Ekseli ilikuwa imeshikiliwa na yu-bolti tu, na yu-bolti zenyewe zilikuwa zimelegea kiasi kwamba nilizungusha nati kwa vidole. Gari likiwa tupu kila kitu kilirudi mahali pake kikatulia. Likiwa na mzigo, kwenye mteremko, breki zikishika, ekseli upande ule ilisogea na kugonga. Ingesogea zaidi ya pale, ingeng'oa bomba la breki. Au gurudumu la nyuma lingeamua kwenda kwake.

Na kati ya springi na ekseli kulikuwa na kipande cha mpira wa tairi.

Nilikuwa nimeshakiona. Hilo ndilo linalonikera mpaka leo. Nilipokuwa nabadilisha bushi uani nilikiona na nikakipangusa vumbi. Kilikuwa kimekatwa vizuri sana, pembe sawasawa, kimetobolewa tundu la duara katikati kwa ajili ya kichwa cha bolti, na kingo zake zimekwanguliwa kwa kisu zikawa laini. Mtu anayependa kazi safi akikiona kitu kama kile hakishuku. Nilidhani gari lilitoka nacho kiwandani, au kama hapana, basi aliyekiweka alijua anachofanya. Niliupita ubovu kwa sababu ulikuwa nadhifu.

Mpira hunywea. Unaweza kukaza yu-bolti juu yake mpaka utoke jasho, kesho mpira umebanwa na mzigo, umepungua unene, na nati zimelegea bila mtu kuzigusa. Zikilegea, ekseli inaanza kucheza, na bolti ndogo ya katikati inabeba kazi isiyo yake mpaka inakatika. Hakuna fundi wa kiwandani anayeweka mpira pale. Hilo ni kosa la huku kwetu, ambako tairi kuukuu ni viatu, ni kamba, ni bawaba ya mlango, ni dawa ya kila kinachopiga kelele.

Dada alikuwa amechuchumaa pembeni, anachungulia.

"Huo mpira usiutoe," alisema. "Ni wa baba."

"Baba aliuweka?"

"Mimi ndiye niliyeshika tochi. Bibi alikuwa analalamika mgongo, gari linamtikisa. Baba akasema atamtengenezea mto." Aliusogelea kuutazama. "Akautengeneza siku nzima. Aliupima na kuukata, akaupima tena. Kama wewe."

Nilitoka chini, nikakaa juu ya jiwe, nikapangusa mikono kwa kitambaa kidole kimoja kimoja. Dada alinisubiri nimalize. Alikuwa ananijua.

"Haya," alisema. "Neno moja."

Hata mtani alikuwa amesogea kusikiliza. Ningeweza kusema nikaze nati, tushuke polepole. Ilikuwa kweli kwamba gari lilishuka hivyo hivyo katikati ya wiki na wiki nyingi kabla yake. Ningeweza kusema sina uhakika, ambalo ndilo jibu langu la kila siku na hakuna mtu aliyewahi kunishtaki kwalo. Nilitafuta hofu ndani yangu inisaidie, ile hofu iliyonikalisha juu ya kila pikipiki ya watu. Haikuwepo. Palikuwa na ganzi tu, na kwenye ganzi ile jibu lilikaa peke yake bila kutikisika.

"Si zima," nikasema. "Halishuki."

"Nikienda taratibu?"

"Halishuki, dada."

"Ukikaza hizo nati?"

"Zitalegea kabla ya kona ya kwanza."

Ndipo makelele yakaanza. Mkubwa wa mama wadogo alisema watu wa Mafiga watapika nini, maji ya moto? Mwingine alisema hata jana gari lilikuwa zima, limeharibika leo baada ya kuchunguliwa. Mtani alisimama juu ya magunia aliyoyapanga kwa jasho lake.

"Sikiliza, mtani," aliniambia. "Nimepakia kama Mungu alivyonijalia. Sasa unataka nipakue?"

"Ndiyo."

"Kwa sababu ya kipande cha kandambili?"

"Ndiyo."

"Baba yako ametushusha hapa kwa gari hili hili mpaka ameingia kaburini. Hajatumwaga hata siku moja."

"Najua."

"Unajua! Basi mwana amekuwa mjuzi kuliko mzazi. Arobaini haijasomwa, ameshamkosoa!"

Hilo lilikuwa utani, na halikuwa utani. Wanawake hawakucheka. Nilijua kwamba kwa ruhusa yake ya mtani alikuwa amesema kile ambacho wengine wasingeweza kusema. Ningepaswa kukasirika, au kuona aibu, au kulia pale pale mbele ya kabichi. Nilimtazama tu. Nadhani uso wangu ulimtisha kidogo, maana aliteremka.

Bibi ndiye aliyeongea. Hakunyanyuka.

"Huo mto alinitengenezea mimi," alisema. "Nami nimeukalia vya kutosha. Pakueni."

Dada alikuwa wa kwanza kushika gunia. Alilivuta kwa hasira, akaliacha lidondoke, kabichi mbili zikatoka kwenye kile kichwa cha lumbesa zikaviringika mpaka ukingoni mwa kiwanja. Nilizifuata. Kisha nikapanda kusaidia. Tulipakua kila kitu, na gari lilikuwa linainuka kidogo kidogo kadiri tulivyopakua, na nilipochungulia nilikuta ekseli imerudi mahali pake kabisa, imekaa kwa adabu. Mtu angekuja wakati ule asingeona kosa lolote.

Baada ya sala ya Ijumaa lilipita lori la mboga linalokwenda Dar. Dereva aliwahi kufahamiana na baba, akakubali kuwachukua watu na mzigo mpaka mjini. Bibi aliingizwa mbele kwa kusukumwa na mtani, ambaye alimwambia asimkalie dereva, yule ana mke. Mama wadogo walipanda juu. Dada alipanda mwisho. Alikuwa hajanisemesha tangu tulipopakua. Aliponipa funguo alisema, "Kama usingekuja leo ningeshuka nalo." Nilisubiri aendelee, nijue ananishukuru au ananilaumu. Lori liliondoka likizomewa na watoto.

Nitasema ukweli kuhusu saa zilizofuata. Sikujivunia. Mtu akisema gari ni zima kisha likaanguka, kila mtu anajua alikosea. Akisema si zima na watu wakapanda lori, hakuna kitu kinachotokea, na hicho kisichotokea huwezi kumwonyesha mtu. Kilichobaki ni gari limesimama kiwanjani, zuri, limetulia. Nilianza kujiuliza kama nilisukuma mambo. Nilitoka nje kuzitazama tena zile nyayo nne kwenye udongo na nikakuta kuku na watu wameshazikanyaga.

Mama alinipigia simu jioni kabla ya magharibi.

"Wamefika," alisema. "Wamechoka, lakini wamefika. Bibi yako amelala."

"Na ndizi?"

"Zimefika. Dada yako amenuna. Nimemuuliza gari lina nini, ameniambia nikuulize wewe."

Ningeweza kumwambia nati zimelegea. Ilikuwa kweli pia. Nilikuwa nimeshalitayarisha jibu hilo, safi, na limekatwa pembe sawasawa.

"Bolti ya nyuma imekatika, mama. Kuna mpira baba aliuweka ili lisitikise. Ndio ulioikata."

Nyuma yake nilisikia sufuria zinasukumwa, wanawake wanaelekezana.

"Imekatika lini?"

"Sijui. Kutu imeshaingia pale ilipokatikia. Zamani kidogo."

"Kwa hiyo tulikuwa tunashuka hivyo hivyo."

"Ndiyo."

"Na baba yako anaimba."

"Ndiyo, mama."

"Na sisi nyuma, tumejipanga, tunamwambia ongeza mwendo."

Akacheka. Kilikuwa kicheko kifupi kilichomtoka bila kukitarajia, na mara akakifunika, nadhani kwa khanga, maana alikuwa kwenye eda na nyumba ilikuwa na watu. Kisha nikasikia anavuta kamasi. Sikujua kama bado anacheka. Nilishika simu sikioni nikingojea kitu kije na kwangu, chochote, na nilingoja kweli kweli, nimefumba macho.

"Umekula?" aliuliza.

"Bado."

"Kula. Kesho asubuhi tafuta gari lolote likulete, usikose dua."

"Nitakuja."

Alipokata simu kulikuwa bado na mwanga wa kutosha. Dada alikuwa amesema alishika tochi, na hakusema upande mmoja au pande mbili. Nilichukua spana, nikaingia chini ya gari upande wa kulia. Mpira mwingine ulikuwa pale, pacha wa ule wa kwanza, na bolti yake ilikuwa bado haijakatika. Nikaanza kufungua nati.